Daniel Kastner

Daniel L. Kastner (alizaliwa Lockport, New York, 1951) ni daktari na mtafiti wa Marekani anayejulikana kwa kazi yake kuhusu jenetiki ya magonjwa ya inflamesheni ya muda mrefu, hasa yale yanayomrudia mgonjwa mara kwa mara kwa vipindi vya homa. Kundi la watafiti alilokuwa akiliongoza lilikuwa mojawapo ya makundi mawili yaliyotambua mwaka 1997 jeni inayosababisha homa ya kurithi ya Mediteranea. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walipendekeza kwamba ugonjwa huo na mingine inayofanana nao iwekwe katika kundi lake lenyewe, ambalo leo huitwa magonjwa ya otoinflamesheni. Kwa wazo hilo alipewa Tuzo ya Crafoord mwaka 2021.

Karibu kazi yake yote ya utafiti ameifanya katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH), zilizopo Bethesda, jimbo la Maryland.

Inflamesheni na kinga ya mwili

Mtu akichomwa na mwiba mguuni, baada ya saa chache mahali pale huvimba, huwa na joto, hugeuka rangi na kuuma. Hiyo ndiyo inflamesheni. Si ugonjwa wenyewe. Ni kazi ya kinga ya mwili. Mishipa midogo ya damu hupanuka, chembe nyeupe za damu hutoka na kwenda palipoumia, nazo hutoa kemikali za kuua vijidudu na za kuita chembe nyingine. Adui akishamalizwa, kazi hiyo inapaswa kusimama.

Taabu huanza pale isiposimama, au inapoanza bila adui yeyote. Joto na uvimbe vilivyokuwa kinga hugeuka kuwa madhara kwa viungo, ngozi, mishipa ya damu, figo au ubongo.

Kinga ya mwili ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni kinga ya kuzaliwa nayo, ambayo hutenda haraka, haihitaji kumfahamu adui kwa jina na hutegemea chembe kama neutrofili na makrofaji. Ya pili ni kinga ya kujifunza. Hii hutumia chembe za limfu, hutengeneza antibodi kwa kila adui na kumkumbuka kwa miaka mingi. Chanjo hufanya kazi kwa sababu ya kumbukumbu hiyo. Hadi miaka ya 1990 madaktari wengi waliposema kwamba kinga inaushambulia mwili wenyewe, walimaanisha makosa ya sehemu hii ya pili, kama katika baridi yabisi au lupasi. Kazi ya Kastner ilielekeza macho kwenye sehemu ya kwanza.

Maisha na elimu

Kastner alisoma kwanza falsafa, si sayansi ya tiba. Alihitimu shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1973. Baadaye alikwenda Baylor College of Medicine, Houston, Texas, akapata shahada ya uzamivu na shahada ya udaktari kufikia mwaka 1982, kisha akaendelea na mafunzo ya magonjwa ya ndani.

Mwaka 1985 alijiunga na NIH ili kujifunza utaalamu wa magonjwa ya viungo. Muda mfupi baada ya kufika alipelekewa mgonjwa mwenye asili ya Kiarmenia aliyekuwa akipatwa mara kwa mara na homa kali pamoja na kuvimba viungo. Kastner aligundua kwamba ulikuwa homa ya kurithi ya Mediteranea, ugonjwa ambao daktari wa Marekani angeweza kumaliza miaka yake yote ya kazi bila kuuona. Alitibika kwa dawa iliyojulikana tayari, lakini hakuna aliyejua chanzo cha ugonjwa. Ilichukua miaka 12 kukipata.

Homa ya kurithi ya Mediteranea

Ugonjwa huu huwapata hasa watu ambao mababu zao walitoka mashariki na kusini mwa Bahari ya Mediteranea: Wayahudi, hasa wale wa Afrika Kaskazini na nchi za Kiarabu, pamoja na Waarmenia, Waturuki na Waarabu. Katika baadhi ya jamii hizo wanaobeba nakala moja ya jeni yenye kasoro ni wengi sana. Makadirio hufika mtu mmoja kati ya kumi, na kwingine hata mmoja kati ya watano au zaidi.

Kwa kawaida huanza utotoni au katika ujana. Mgonjwa hushikwa ghafla na homa kali pamoja na maumivu makali ya tumbo, ya kifua au ya kiungo kimoja, mara nyingi goti au kifundo cha mguu. Baada ya siku moja hadi tatu yote hutoweka, naye huinuka mzima kana kwamba hakuugua. Wiki au miezi baadaye hali hiyo hurudi. Maumivu ya tumbo hufanana kabisa na ya kidole tumbo, kiasi kwamba wagonjwa wengi walipasuliwa bure, wengine zaidi ya mara moja, kabla ya ugonjwa wao kufahamika.

Ni rahisi kuelewa kwa nini wengi walichelewa kupata jina la ugonjwa wao. Katika Kiswahili neno homa hutumika kwa joto la mwili na pia kwa ugonjwa unaolileta, na penye malaria homa inayokuja na kuondoka hudhaniwa kuwa malaria. Hilo ni jambo la busara kulipima kwanza. Hata penye hospitali kubwa, mgonjwa anayefika akiwa na homa na kurudi wiki inayofuata akiwa mzima huonekana kama anayejifanya.

Daktari Sheppard Siegal wa New York ndiye aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1945 kama ugonjwa wa peke yake. Aliuita kwa jina lililoonyesha kwamba hauna madhara makubwa. Hilo halikuwa sahihi. Kwa wagonjwa wasiotibiwa, inflamesheni inayorudia kwa miaka mingi huacha protini iitwayo amiloidi ikijikusanya katika figo, na figo hatimaye hushindwa kufanya kazi. Watu wengi walikufa hivyo wakiwa bado vijana. Jina la homa ya kurithi ya Mediteranea lilitolewa mwaka 1958 na madaktari wa Israeli waliokuwa wakiongozwa na Harry Heller na Ezra Sohar.

Mwaka 1972 Stephen Goldfinger wa Boston aliandika kwamba kolkisini, dawa ya kale ya jongo, huzuia vipindi vya homa hiyo. Mwaka huohuo Emir Özkan wa Uturuki alitoa taarifa kama hiyo. Mwaka 1986 utafiti wa Israeli uliofuatilia wagonjwa 1,070 ulionyesha kwamba dawa hiyo hukinga figo pia. Kolkisini hutoka katika mmea uitwao kwa Kilatini Colchicum autumnale. Vilevile imo katika Gloriosa superba, ua la rangi nyekundu na njano linaloota porini Afrika Mashariki. Asijaribu mtu kujitibu kwa ua hilo: mizizi yake ina sumu inayoua, na kipimo cha dawa ni kidogo sana.

Kutafuta jeni

Ugonjwa ulijulikana kuwa wa kurithi, na kwa kawaida mtoto huugua akipokea nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Lakini jeni yenyewe ilikuwa wapi? Binadamu ana jozi 23 za kromosomu zenye jeni zipatazo 20,000. Mradi wa kusoma jenomu yote ya binadamu ulitangazwa kukamilika mwaka 2003 tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na orodha wala ramani kamili ya kutafutia.

Njia iliyokuwepo ilikuwa ni kufuata familia. Kastner alishirikiana na madaktari wa hospitali ya Sheba huko Tel HaShomer, Israeli, akiwemo Mordechai Pras, waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa wengi na jamaa zao. Damu ya wazazi na watoto, wagonjwa na wazima, ilichukuliwa, kisha alama maalumu za DNA zikapimwa katika kromosomu moja baada ya nyingine. Ikiwa alama fulani huonekana daima kwa watoto wanaougua na si kwa ndugu zao wazima, basi jeni inayotafutwa iko karibu na alama hiyo. Kazi hii inafanana na kumtafuta mtu katika mji usio na majina ya mitaa kwa kuuliza kila nyumba anakonunua mkate.

Mwaka 1992 kundi hilo lilitangaza kwamba jeni iko katika mkono mfupi wa kromosomu ya 16. Bado eneo lilikuwa pana, lenye jeni nyingi. Ili kulipunguza, watafiti walitumia historia. Wagonjwa wa jamii mbalimbali walionekana kubeba mfuatano uleule wa alama kuzunguka jeni, maana yake waliurithi kutoka kwa babu mmoja wa kale, na katika kila kizazi kipande cha asili kilichobaki kilizidi kuwa kifupi. Palipokuwa na kipande kifupi kilichobaki sawa kwa wagonjwa wote ndipo jeni ilipokuwa.

Makundi mawili yalikuwa mbioni: muungano wa kimataifa ambao Kastner alikuwa kiongozi wake mmojawapo, na muungano wa Ufaransa. Yote mawili yalifika mwaka 1997, kwa wakati mmoja. Jeni ilipewa jina la MEFV. Protini inayotengenezwa nayo iliitwa pairini na kundi la kimataifa, kutoka neno la Kigiriki la moto na homa. Wafaransa waliiita marenostrini, kwa kukumbuka jina ambalo Warumi waliipa Bahari ya Mediteranea. Jina la kwanza ndilo lililoshika.

Pairini ni mnyororo wa asidi amino 781, nayo hupatikana hasa katika chembe nyeupe za kinga ya kuzaliwa nayo. Kasoro inayojulikana zaidi huitwa M694V: mahali pa 694 katika mnyororo, asidi amino iitwayo methionini imebadilishwa na valini. Kiungo kimoja tu kati ya 781, na mtu huishi na homa maisha yake yote. Wanaopata kasoro hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili kwa kawaida huugua vikali zaidi.

Kundi jipya la magonjwa

Mwaka 1982 madaktari walikuwa wameeleza familia yenye asili ya Ireland na Uskoti ambamo homa na maumivu ya tumbo na misuli vilirudiarudia, lakini vipindi vyake vilidumu wiki moja au zaidi na mzazi mmoja tu mgonjwa alitosha kumrithisha mtoto. Huu haukuwa ugonjwa wa Mediteranea. Mwaka 1999 Michael McDermott wa London, Kastner na wenzao walionyesha kwamba kasoro iko katika jeni TNFRSF1A ya kromosomu ya 12, inayotengeneza kipokezi cha TNF, mojawapo ya kemikali zinazowasha inflamesheni. Ugonjwa huo leo huitwa kwa kifupi TRAPS.

Katika makala hiyohiyo waandishi walitumia neno otoinflamesheni. Hoja yao ilikuwa hivi: wagonjwa hawa wana inflamesheni isiyo na maambukizi, lakini hawana wingi wa antibodi zinazoshambulia mwili wala chembe za limfu zenye kosa hilo. Kwa hiyo si sahihi kuwaweka pamoja na wagonjwa wa lupasi. Kosa liko katika kinga ya kuzaliwa nayo, inayojiwasha yenyewe.

Inaweza kuonekana kuwa ni kubadilisha jina tu. Lakini jina lilibadilisha tiba. Kolkisini, inayowasaidia wagonjwa wengi wa homa ya Mediteranea, kwa kawaida haiwafai wa TRAPS. Wagonjwa wawili wenye homa inayofanana, walioketi katika benchi moja nje ya chumba cha daktari, wanaweza kuhitaji dawa tofauti, na tofauti hiyo imo katika jeni.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa watoto wenye NOMID, ugonjwa mkali unaoanza siku za kwanza za maisha kwa upele, homa na inflamesheni ya utando wa ubongo, na ambao huweza kuleta uziwi, upofu na ulemavu wa mifupa. Mwaka 2001 Hal Hoffman wa California alitambua jeni, sasa ikiitwa NLRP3, ambayo kasoro zake huleta magonjwa mepesi zaidi ya ukoo huo, na baadaye ilionekana kuwa watoto wengi wa NOMID wana kasoro katika jeni hiyohiyo. Jeni hii huhusika na kutolewa kwa interlukini-1, kemikali kali ya homa. Tayari ilikuwepo dawa, anakinra, inayoizuia interlukini-1, iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi yabisi. Raphaela Goldbach-Mansky, Kastner na wenzao wa NIH waliwapa wagonjwa 18. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, wote 18 walipata nafuu haraka na upele wao ukatoweka.

Pairini hufanya nini

Kwa miaka kadhaa baada ya 1997 Kastner mwenyewe na watafiti wengi waliamini kwamba pairini ni breki ya inflamesheni. Hoja ilikuwa nzuri: ikiwa mtu huugua akikosa nakala nzuri zote mbili, basi nakala nzuri huzuia kitu. Hata hivyo kulikuwa na jambo lililokataa kukaa sawa. Wapo wagonjwa wengi ambao kasoro huonekana katika nakala moja tu, ingawa jeni nzima imesomwa na kurudiwa.

Mwaka 2011 Jae Jin Chae, Kastner na wenzao walichapisha majaribio ya panya. Panya walioondolewa pairini kabisa hawakuugua kama wagonjwa. Waliopewa pairini yenye kasoro za binadamu waliugua inflamesheni kali. Kwa hiyo kasoro haikuvunja breki. Ilifanya kichocheo kiwe chepesi kupita kiasi, na nakala mbili huleta madhara zaidi ya moja. Wazo la awali likaachwa.

Mwaka 2014 kundi la Feng Shao wa Beijing lilionyesha kinachoichochea pairini. Bakteria kadhaa hutoa sumu zinazozima protini ya chembe iitwayo RhoA ili kulemaza kinga. Pairini haimtambui bakteria mwenyewe. Hutambua kwamba RhoA imezimwa, kama mlinzi wa usiku asiyemwona mwizi lakini anayeona taa ya uani imezimika. Hapo hupiga kengele na interlukini-1 hutolewa. Mwaka 2016 kundi la Kastner lilieleza jinsi RhoA ikiwa hai huifunga pairini, na jinsi pairini yenye kasoro inavyofungika vibaya. Kengele hulia bila mwizi.

Swali lingine lilibaki. Kasoro inayowatesa watu na kuwaua kwa figo ilienea vipi hivyo mashariki mwa Mediteranea? Msomaji wa Afrika Mashariki anajua jibu la swali kama hilo. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti aliofanya Afrika Mashariki kwamba anayebeba nakala moja ya jeni ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria, ndiyo maana jeni hiyo haikupotea. Kastner alishuku kwamba kasoro za pairini nazo ziliwahi kuwafaa wenye kuzibeba.

Makala ya mwaka 2020 ya Yong Hwan Park, Kastner na wenzao, ikitumia pia DNA ya watu wa Uturuki, ilionyesha kwamba kasoro hizo ni za zaidi ya miaka 2,000 iliyopita na zimeenea kwa kasi isiyoweza kuelezwa kwa bahati tu. Adui waliyemtaja ni Yersinia pestis, bakteria wa tauni. Bakteria huyu huzima RhoA kama wengine, kisha hutoa protini nyingine inayoizuia pairini isipige kengele. Protini hiyo hushika pairini ya kawaida vizuri kuliko pairini yenye kasoro. Chembe za watu wanaobeba kasoro zilitoa interlukini zaidi zilipokutana na bakteria huyo, na panya wenye kasoro walistahimili maambukizi kuliko wenzao. Ikiwa ndivyo, homa ya leo ni gharama ya kinga ya mababu dhidi ya tauni.

Magonjwa yenye jeni nyingi

Si magonjwa yote ya inflamesheni yanayotokana na jeni moja. Ugonjwa wa Behçet, unaoleta vidonda vya kinywa na sehemu za siri na inflamesheni ya macho inayoweza kupofusha, umeenea hasa katika nchi zilizo kando ya njia ya kale ya biashara ya hariri, kutoka Uturuki hadi Japani. Kundi la Kastner na Elaine Remmers, likishirikiana na Ahmet Gül wa Istanbul, lilichapisha mwaka 2010 uchunguzi wa jenomu za wagonjwa wa Uturuki na kwingineko ulioonyesha sehemu za DNA zinazoongeza uwezekano wa kuugua, mojawapo ikiwa karibu na jeni ya interlukini-10, ambayo kazi yake ni kutuliza inflamesheni. Kila sehemu huongeza kidogo tu. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kusema nani ataugua.

Watoto wenye kiharusi

NIH hupokea wagonjwa kutoka pande zote ambao madaktari wao wameshindwa kuwatambua. Miongoni mwao walikuwepo watoto wadogo wenye homa, upele wa ngozi unaofanana na wavu, na kiharusi, baadhi yao kabla ya kuanza shule. Mwaka 2014 Qing Zhou, Ivona Aksentijevich, Kastner na wenzao walionyesha kwamba watoto hao wana kasoro katika nakala zote mbili za jeni ya kimeng'enya kiitwacho ADA2. Kundi la Israeli lilichapisha ugunduzi wa jeni hiyohiyo wakati mmoja nao. Ugonjwa huitwa DADA2.

Mtu mwenye kiharusi mara nyingi hupewa dawa za kuzuia damu isigande. Kwa watoto hawa zilikuwa hatari, kwani mishipa yao dhaifu huweza pia kuvuja damu ndani ya ubongo. Badala yake madaktari wa NIH walijaribu dawa zinazozuia TNF. Katika taarifa ya mwaka 2019 kuhusu wagonjwa 15, viharusi vilivyowapata kabla ya dawa hizo vilihesabiwa kuwa 55. Baada ya kuanza dawa hakikutokea hata kimoja katika muda waliofuatiliwa.

VEXAS

Kwa miaka 30 njia ilikuwa moja: kukusanya wagonjwa wanaofanana, kisha kutafuta jeni yao. David Beck, daktari kijana katika kundi la Kastner, aligeuza utaratibu. Alichukua DNA iliyokwisha kusomwa ya wagonjwa zaidi ya 2,500 wenye inflamesheni au homa zisizoelezeka, bila kujali dalili zao zinafanana au la, akatazama jeni zaidi ya 800 zinazohusika na ubikwitini, alama ambayo chembe huitia protini ili ziharibiwe au zielekezwe pengine. Wanaume watatu walionekana kuwa na kasoro katika jeni moja, UBA1, mahali palepale. Hakuna aliyekuwa amewaweka pamoja. Mmoja alionekana kuwa na ugonjwa wa gegedu, mwingine wa mishipa ya damu.

Peter Grayson, Marcela Ferrada na madaktari wengine walipowatafuta wanaofanana nao, jumla ikafika 25. Wote walikuwa wanaume waliougua utu uzimani: homa, upele, mapafu, gegedu za masikio na pua zilizovimba, upungufu wa damu. Kumi kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Ugonjwa ulitangazwa Oktoba 2020 kwa jina la VEXAS.

UBA1 iko katika kromosomu ya X. Mwanamume anayo moja tu, kwa hiyo hana nakala ya akiba. Ajabu zaidi ni kwamba kasoro hii hairithiwi. Huzuka katika seli shina ya uboho mtu akiwa mzee, na chembe za damu zinazotokana na seli hiyo huzidi kuongezeka. Watoto wa mgonjwa hawana la kuogopa. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba nchini Marekani kasoro hii humpata takriban mwanamume 1 kati ya 4,000 wenye umri wa zaidi ya miaka 50, hivyo si adimu kama ilivyodhaniwa. Wagonjwa wengi hutegemea dawa za steroidi kwa kipimo kikubwa. Kwa baadhi, kupandikizwa uboho kumejaribiwa.

Nyadhifa na tuzo

Kastner alifanya kazi kwanza katika taasisi ya NIH inayoshughulikia magonjwa ya viungo, misuli na ngozi. Mwaka 2010 alihamia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Jenomu ya Binadamu akiwa mkurugenzi wake wa sayansi, wadhifa alioushika hadi 2021. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 2010. Mwaka 2018 alitajwa kuwa mtumishi bora wa mwaka wa serikali ya shirikisho, heshima ambayo kwa nadra humwendea mtu wa maabara.

Tuzo ya Crafoord ya mwaka 2021, inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Sweden, alipewa katika fani ya magonjwa ya viungo. Fani hiyo haitolewi tuzo kila mwaka, bali tu akademia inapoona kwamba kuna maendeleo yanayostahili.